Kitufe cha laiki kinapogoma: anza kwa kuuliza kinakaa chini ya nini

Simu iliita saa tatu usiku, nimetoka kula, niko nyumbani Sinza. Aliyepiga alikuwa ndugu wa marehemu ambaye tanzia yake tulikuwa tumeiweka asubuhi kwenye tovuti ya habari za mitaa ninayoihudumia. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Kaka, samahani kwa usumbufu. Nimefungua tovuti yenu, naona pameandikwa 'Zilizopendwa zaidi leo', halafu namba moja ni msiba wetu. Watu mia mbili na kitu wamependa. Wamependa nini?"

Nilimpa pole, nikaomba radhi, nikaiondoa ile orodha usiku uleule. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba kitufe hakikuwa kibovu. Kilihesabu sawasawa na kilihifadhi sawasawa. Kosa lilikuwa langu: niliwasha kitufe kimoja kwa kila kitu kilichomo kwenye tovuti, yaani habari, picha, mapishi, matangazo ya kazi, maoni ya wasomaji na tanzia. Tangu siku hiyo, mtu akiniletea kitufe cha laiki kilichogoma, namuuliza kwanza kinakaa chini ya nini, ndipo nafungua konsoli, ile sehemu ya kivinjari inayoonyesha makosa ya msimbo. Matatizo karibu yote nitakayoyaeleza hapa yana mzizi huo: mfumo haujui, au umesahau, kwamba habari ni kitu kimoja na pishi ni kitu kingine.

Mifano yangu ni ya WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti, kwa sababu ndiyo ninayoishika kila siku. Mwenye Drupal, au mfumo aliouandika mwenyewe, atakuta mambo ni yaleyale, majina tu ndiyo yanabadilika.

Kwenye habari kipo, kwenye mapishi hakipo

Fungua mipangilio ya plagini, yaani programu ya nyongeza inayoleta kitufe, uone kama "mapishi" imewekewa tiki. Kama imewekwa, ruka aya hii. Kama aina hiyo haipo kabisa kwenye orodha, tatizo liko pale aina yenyewe iliposajiliwa. Plagini nyingi huorodhesha aina zilizosajiliwa kuwa za wazi tu. Aliyetengeneza mapishi akiandika public kuwa false ndani ya register_post_type, plagini haiwezi kuiona hata ukiisakinisha upya mara kumi.

Tiki ipo na kitufe hakitokei? Angalia kiolezo, yaani faili linalopanga ukurasa. Plagini za laiki kwa kawaida hujipachika kwenye kichujio kiitwacho the_content, yaani husubiri maandishi makuu ya ukurasa yapite ili zijibandike mwishoni. Kiolezo cha mapishi mara nyingi hakina maandishi makuu: kinachukua viungo, muda wa kupika na hatua kutoka kwenye sehemu maalumu za fomu, kinazichapa moja moja, na the_content haiitwi hata mara moja. Kipimo ni chepesi. Ingia kwenye pishi lolote, andika maneno mawili kwenye kihariri kikuu, hifadhi, fungua ukurasa. Usipoyaona maneno hayo, basi na kitufe hakina pa kusimama. Kipachike moja kwa moja ndani ya kiolezo, pale unapotaka kikae.

Picha zina jambo lao. Kuanzia WordPress 6.4, iliyotoka Novemba 2023, tovuti mpya huanza zikiwa zimezimiwa kurasa za viambatisho, yaani ukurasa wa pekee wa kila picha iliyopakiwa. Ukiweka tiki kwenye picha usione kitu, ni kwa sababu hakuna ukurasa wa picha wa kukibeba kitufe. Mimi sipendi kuziwasha upya, zinajaza tovuti kurasa tupu. Ni heri kuunda aina ya maudhui ya "picha" yenye maelezo yake.

Kinatokea mara mbili, au maneno yake yanavujia kwenye muhtasari

Hii utaitambua kwenye ukurasa wa mwanzo. Chini ya kichwa cha habari, muhtasari unaanza hivi: "Penda 0 Wakazi wa Kimara wamesema…" Kitufe chenyewe hakipo, lakini maneno yake yamebaki. WordPress inapojitengenezea muhtasari, hupitisha maandishi kwenye vichujio vya the_content kwanza, kisha hufuta alama zote za HTML. Kitufe kinafutwa, neno "Penda" linabaki na sifuri yake. Sababu hiyohiyo huleta vitufe viwili: kuna kitu kingine kwenye ukurasa, labda kisanduku cha habari zinazofanana, nacho kimeita the_content.

Dawa ni kukifunga kitufe kwa masharti matatu kwa pamoja: is_singular (ukurasa wa kitu kimoja) ikiwa na majina ya aina unazozitaka, in_the_loop (maudhui yanachapwa sasa hivi), na is_main_query (ni maudhui makuu ya ukurasa, si ya kisanduku cha pembeni). Sharti moja pekee halitoshi.

Maneno ya kitufe hayapatani na kitu chenyewe

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu plagini karibu zote zimetungwa na watu ambao lugha zao hazina ngeli, na sisi tunazitafsiri kwa haraka haraka. Utakuta sentensi moja, "Umeipenda hii", imetumika kila mahali. Chini ya habari inakaa vizuri. Chini ya pishi inaumiza sikio, maana kwa pishi tunasema "umelipenda pishi hili". Wimbo ni "umeupenda", kitabu ni "umekipenda", maoni ni "umeyapenda". Halafu inakuja hesabu: "Watu 1 wamependa". Msimbo umelishika neno "watu" na kulibandikia namba, wakati kwa Kiswahili mtu mmoja hubadilisha mpaka kitenzi: mtu 1 amependa, watu 12 wamependa.

Usijaribu kuunganisha vipande. Iandikie kila aina ya maudhui sentensi zake kamili, ya umoja na ya wingi, na hizo mbili uzipitishe kwenye _n, amri ya WordPress ya kuchagua umoja au wingi, inayopokea sentensi nzima. Kwa aina sita ni kazi ya nusu saa.

Na nusu saa hiyo inalipa kwa namna ambayo sikuitarajia. Kila aina ikiwa na kauli yake, kitufe kinakuwa kipimo. Wakati fulani tuliingiza mapishi mengi kwa mkupuo kutoka kwenye faili. Kila kitu kilionekana sawa: picha zipo, viungo vipo. Nikagusa kitufe chini ya pishi la mchuzi wa pweza, kikajibu "Umeipenda habari hii". Sikuhitaji kufungua hifadhidata kujua kilichotokea. Mapishi yote yalikuwa yameingia kama habari za kawaida, na yangeanza kutokea kwenye ukurasa wa habari siku hiyohiyo. Upatanisho wa kisarufi ulinionyesha kosa ambalo macho yalikuwa yamelipita.

Laiki zinakwenda kwa kitu ambacho mtu hakukigusa

Mhariri aliniuliza kwa nini habari ya maji kukatika ina laiki tisini. Nani anapenda kukatiwa maji?

Habari hiyo ilikuwa namba 418. Tukatafuta, tukakuta kuna maoni pia yenye namba 418: utani wa msomaji mmoja chini ya habari ya Simba na Yanga, na watu walikuwa wameufurahia kwelikweli. WordPress huweka machapisho kwenye jedwali lake na maoni kwenye jedwali lingine, na kila jedwali linahesabu kivyake kuanzia moja. Namba zinagongana lazima. Ukiacha tarehe, jedwali letu la laiki lilikuwa na safu mbili tu, kitu_id na mtu_id. Kwa jedwali hilo, 418 ni 418.

Ongeza safu ya tatu, aina, kisha zifunge zote tatu kwa ufunguo mmoja wa pekee, unaozuia mstari uleule kuingia mara mbili:

ALTER TABLE laiki ADD UNIQUE (aina, kitu_id, mtu_id);

Amri hiyo itakataa kama kuna mistari inayojirudia, kwa hiyo safisha kwanza. Rekodi za zamani zinatenganishwa kwa tarehe, kwa kadiri inavyowezekana. Laiki iliyoingia kabla habari haijachapishwa haiwezi kuwa ya habari, hivyo ni ya maoni. Kinyume chake pia ni kweli. Zile zilizoingia baada ya vyote viwili kuwapo huwezi kuzigawa kwa haki. Mimi nilizifuta na nikamwambia mhariri wazi kwamba nimezifuta.

Dada wa tatizo hili ni vitufe vyote vya ukurasa wa mwanzo kuonyesha namba ileile moja. Hapo kitufe hakijapewa utambulisho wa kitu chake, kimejichukulia utambulisho wa ukurasa kinaposimama. Kwenye orodha, kila kitufe lazima kibebe aina na namba ya kitu chake mwenyewe.

Imepanda, kisha imeshuka

Nilimwomba dada mmoja anayeuza vitenge Kariakoo anijaribie tovuti kwenye simu yake. Kioo kimepasuka kona ya chini, bando liko ukingoni, na pale ndani ya duka mtandao unapatikana kwa kubahatisha. Akagusa moyo chini ya picha. Hakuna kilichotokea. Akasubiri kidogo, akagusa tena, safari hii kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi mlango usiofunguliwa. Baada ya sekunde kadhaa namba ikaruka kutoka 12 hadi 13, ikarudi 12, na moyo ukabaki mweupe. "Kumbe hakitaki," akasema, akarudi kwenye mazungumzo ya vitenge.

Kitufe chetu kilikuwa kinatuma ujumbe mmoja tu kwa seva: geuza. Mara ya kwanza seva ikageuza kuwa amependa, mara ya pili ikageuza kuwa hakupenda. Mtu aliyetaka kitu kwa dhati kuliko wote ndiye aliyefutiwa. Kwenye ofisi yenye nyaya za faiba Kijitonyama kasoro hii haionekani kamwe. Ipande mwendokasi Kimara mpaka Kivukoni na simu ya bei nafuu utaiona.

Kitufe kitume hali inayotakiwa: "weka" au "ondoa". Ujumbe wa "weka" ukifika mara tatu, matokeo ni laiki moja, na ule ufunguo wa pekee wa safu tatu unakulinda hata msimbo ukisahau. Upande wa simu, badilisha rangi papo hapo mtu anapogusa, zuia mguso wa pili mpaka jibu lirudi, na jibu lisiporudi rudisha rangi ya mwanzo na useme kwa neno, "Haijafika, jaribu tena." Zana za Chrome zinakuruhusu kupunguza kasi ya mtandao kwa makusudi, jaribu hapo kabla ya kumsumbua mtu dukani.

Angalia pia jinsi jumla inavyoandikwa. Msimbo unaosoma 20, ukaongeza moja, ukaandika 21, utapoteza laiki watu wawili wakigusa kwa wakati mmoja: wote wawili watasoma 20, wote wataandika 21. Iachie hifadhidata ijumlishe yenyewe kwa jumla = jumla + 1, au hesabu mistari ya jedwali.

Ukubwa nao. WCAG 2.2, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na kila mtu, wa Oktoba 2023, unataka sehemu ya kugusa isipungue pikseli 24 kwa 24, na Google kwa Android hupendekeza 48. Chukua hiyo ya pili. Kwa watumiaji wa Opera Mini, ambao kwenye hali yake ya kubana zaidi ukurasa unaandaliwa kwenye seva za Opera na skripti nyingi hazifanyi kazi kama kawaida, kitufe kiwe fomu halisi inayotumwa kwa seva kwa njia ya kawaida ya fomu (POST), na JavaScript iwe ya kurahisisha tu.

"Umeshapenda", na mtu hajagusa chochote

Ukikuta malalamiko haya, fungua msimbo utafute neno IP, yaani anwani ya kifaa kwenye intaneti. Mtengenezaji ameamua kwamba anwani moja ni mtu mmoja. Kwa Dar es Salaam hilo ni kosa kubwa, kwa sababu mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Mtu wa Mbagala akigusa, wa Tegeta anaambiwa tayari. Chukua simu mbili zenye laini za mtandao mmoja, zima Wi-Fi, fungua tovuti, kisha soma kumbukumbu za seva: mara nyingi utaikuta anwani moja kwa zote mbili. Kama tovuti iko nyuma ya Cloudflare, huduma inayopokea wasomaji kabla hawajafika kwenye seva yako, na seva haijaelekezwa kusoma CF-Connecting-IP, kichwa cha ombi kinachobeba anwani halisi ya msomaji, hali ni mbaya zaidi, maana seva inaziona anwani za Cloudflare badala ya za wasomaji.

Kipe kila kivinjari kuki, alama ndogo inayohifadhiwa ndani yake, yenye utambulisho wa kubahatisha na uhesabu kwa huo. Ndiyo, mtu anaweza kufuta kuki apende tena. Kwa picha ya machweo ya Coco Beach hiyo haina madhara. Kwa shindano lenye zawadi, dai mtu aingie kwa akaunti. Hapa tena aina ya maudhui ndiyo inayoamua ukali wa kanuni. Kuacha kuhifadhi IP kuna faida nyingine: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu awe na sababu. Laiki si sababu ya kutunza anwani ya mtu kwa miaka.

Asubuhi kinakubali, jioni kinakataa

Tokeni ya usalama ya WordPress, namba ya siri inayothibitisha kwamba ombi limetoka kwenye ukurasa wako, huishi kati ya saa 12 na 24. Ukurasa ukihifadhiwa kwenye kashe, yaani nakala iliyotayarishwa awali, muda mrefu kuliko hapo, msomaji anapewa tokeni iliyokufa, na admin-ajax, faili la WordPress linalopokea ujumbe wa kitufe, linajibu -1 na hitilafu 403. Punguza umri wa kashe uwe chini ya saa 12, au lete tokeni kwa ombi tofauti lisilopitia kashe. Jibu likiwa 0 na hitilafu 400, hilo ni jambo lingine: hakuna aliyesajili kupokea ujumbe huo. Kama kwako wewe uliyeingia kinafanya kazi na kwa wageni hakifanyi, umesajili wp_ajax_ ya walioingia ukasahau wp_ajax_nopriv_ ya wageni.

Kitufe cha Facebook kimepotea bila kosa lolote

Usipoteze jioni yako. Novemba 2025 Meta ilitangaza kwamba vitufe vya Facebook vya kupenda na kutoa maoni kwenye tovuti za nje vinafikia mwisho tarehe 10 Februari 2026, na kwamba baada ya hapo vitachorwa kwa ukubwa wa pikseli sifuri. Kwa hiyo konsoli haisemi kitu na nafasi imebaki tupu. Ondoa skripti na kisanduku chake kwenye violezo vyote, weka kitufe chako mwenyewe.

Kinafanya kazi vizuri, na hilo ndilo tatizo

Narudi kwenye ile simu ya usiku. Facebook yenyewe ilikaa na dole gumba peke yake tangu Februari 2009 mpaka Februari 2016 ndipo ikaongeza alama nyingine, ikiwemo ya huzuni. Tovuti yako ndogo haina haja ya kusubiri miaka saba. Pitia aina zako moja moja na uulize msomaji anataka kumwambia nini aliyeandika. Chini ya tangazo la kazi hataki kupenda, anataka kulihifadhi alione kesho, tuliweka "Hifadhi". Chini ya "Mawasiliano" na "Kuhusu sisi" hana la kusema, tukaondoa.

Chini ya tanzia tuliweka "Toa pole". Alama ni mikono iliyokutana, rangi ni ya kijivu, haichezi inapoguswa. Namba inaanza kuonekana ikifika mtu wa kwanza, kwa sababu "0 wametoa pole" ni neno baya kumsomea mfiwa. Kwenye rekodi aina yake ni pole, tofauti na laiki, na ile orodha ya "Zilizopendwa zaidi" sasa inataja kwa majina aina zinazoruhusiwa kuingia. Aina mpya itakayozaliwa kesho haimo mpaka mtu aiandike mwenyewe.

Kilibaki kitu kimoja: dole gumba mia mbili na kitu zilizokuwa tayari chini ya ule msiba, pamoja na nyingine za tanzia za nyuma. Mhariri alitaka tuzigeuze kuwa pole, na ninaamini wengi wa waliogusa walikusudia hivyo. Nilikataa, kwa kuwa mtu aligusa kivyake na mimi siwezi kumtia maneno mdomoni. Tulizitoa zote zisionekane. Nikampigia yule ndugu wa marehemu kumweleza, naye akafungua ukurasa tukiwa bado kwenye simu, akagusa.

"Imeandika mtu 1 ametoa pole," akasema.